Yordani Mhina, Mchora Mafahali, 1929–1979

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Mpale, nanyi mliotoka Korogwe na Handeni: tunayemzika leo ni kaka yangu. Shemeji Elina ameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea makaratasi. Laiti angemwomba mtu mwingine.

Marehemu Yordani Mhina alizaliwa hapa Mpale tarehe 12 Aprili 1929, mtoto wa pili wa Mzee Mhina. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1943. Mwalimu alimchapa mara nyingi kwa kujaza ng'ombe kwenye kibao chake cha hesabu. Hata hivyo, siku ya kufunga shule mwalimu yule yule alikichukua kibao akampelekea mkewe akione.

Mwaka 1948 aliajiriwa katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, akipaka namba kwenye mabehewa. Mwaka 1955 alihamia kwa Bwana Vinod, muuza rangi na misumari mjini Korogwe, akawa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Mwaka wa Uhuru Bwana Vinod alipata kalenda kutoka Marekani. Ilikuwa na picha za rodeo, mchezo wa watu wa huko wa kumpanda fahali mkali mpaka awaangushe. Marehemu aliitazama wiki nzima, akasema aliyeichora anajua kofia kuliko anavyojua ng'ombe. Akafunga safari kwenda Handeni kwa wafugaji wa Kimasai. Alikaa siku nne akitazama mafahali wakitiwa chapa, apate kujua bega linakaaje mnyama anaporusha miguu ya nyuma. Alirudi na daftari limejaa na ubavu mmoja umevunjika.

Fahali wake wa kwanza alimchora ukutani kwa Bwana Vinod. Mzee mmoja alisimama pale akauliza, "Yordani, huyu ng'ombe anaumwa nini?"

"Haumwi, mzee. Kapandwa."

Tarehe 7 Septemba 1957 alikuwa amefunga ndoa na Elina, binti Mdoe, nao wakajaliwa watoto wanne. Shemeji hupenda kusema kwamba mumewe ana ng'ombe sitini, ila wote hawatoki ukutani.

Mwaka 1974 tulihamia sote katika kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, nami nikachaguliwa mwenyekiti. Mwaka uliofuata wanakijiji walimwomba apambe ukuta wa duka la ushirika. Akachora fahali aliyemrusha mpandaji, kofia huku, miguu kule. Watu walicheka, wakasema anayeanguka ni mwenyekiti. Nikaenda kutazama. Nikaiona pua yangu.

Ndugu zangu, mliambiwa kwamba amri ya kuufuta mchoro ule kwa chokaa ilitoka juu. Haikutoka juu. Niliitoa mimi. Nilisema kikaoni kwamba Yordani anaudhihaki uongozi na kutuletea mambo ya kibeberu. Alihojiwa siku mbili, akakatazwa kuchora ukuta wowote kijijini.

Naye, bila kujua, akaja kwangu. "Matayo, kanisemee kwa hao wenzako. Wanipe wiki moja tu ninakili lile bega. Sijawahi kulipata vile."

Nikamjibu, "Kaka, jambo hili limenizidi nguvu."

Kesho yake ukuta ulipakwa chokaa. Hakuchora fahali mwingine tena. Alilima mahindi, na kila Jumapili alinikaribisha chakula, nami nilikwenda nikala.

Alianza kukohoa Novemba 1978, akalazwa hospitalini Korogwe Februari mwaka huu. Nilikwenda kumwona nikiwa nimeazimia kumwambia. Yeye akanitangulia, akanishika mkono.

"Matayo, yule mpandaji hukuwa wewe. Ni yule wa kwenye kalenda ya Vinod. Pua ndiyo ilinishinda."

Akanitazama, akangoja. Nikamwuliza kama amekunywa uji.

Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Machi 1979, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa shambani.

Ameacha mjane, Elina, watoto wanne, wajukuu wawili, na mdogo wake, Matayo, ninayewasomea haya. Shemeji, hukuyajua mpaka leo. Nimeyasema mbele ya watu wote ili kesho nisiweze kuyakana. Sikuombi unijibu sasa.

Kaka Yordani, Mungu akupokee na kukupa raha ya milele.