Diski ya Kumalizia Reli ya Mama

Benchi la wanywa kahawa ni ubao juu ya matofali, nje ya karakana ya kuchomelea vyuma, na mtu wa ncha moja akiinuka bila kuaga, wa ncha ya pili anajikuta chini. Asubuhi hiyo mwenye karakana, Fundi, alikuwa amebana bomba la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, wima kwenye nguzo, mbele yao. Ilikuwa reli ya kushikia bafuni. Mama yake aliteleza akioga, akavunjika nyonga, na jioni hiyo anaruhusiwa kutoka hospitali. Kuchomelea kumekwisha; umebaki uso wa bomba. Fundi ameshaapa halitoki pale bila kung'aa. Ana diski tatu za grenda, mashine yake ya kusugulia chuma: ya msasa namba arobaini, ya msasa namba mia na ishirini, na ya kitambaa ya kung'arishia.

— Anza na mia na ishirini, alisema Kamusi, mmoja wa wanywa kahawa, ambaye hajawahi kushika hata bisibisi. Namba kubwa, makali makubwa.

— Kaka, kwenye msasa ni kinyume, Fundi alimjibu. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo.

— Basi kiwandani walizibandika kichwa chini.

— Hebu nyamaza, mzee Mstaafu aliingilia. Fundi, mwanangu, maliza na kitambaa. Bomba ling'ae mpaka mama ajione. Mgonjwa akijiona amependeza, mfupa unaunga upesi.

— Mfupa una macho, mzee? muuza kahawa aliuliza.

— Una damu. Damu ikifurahi inakimbia.

— Hapo umenena, Kamusi akakubali. Tena vijidudu vikiona sura zao kwenye chuma, vinashtuka, vinahama nyumba.

Muuza kahawa alicheka mpaka akajimwagia kahawa kiatuni. Fundi hakucheka. Alivaa miwani, akapitisha ya arobaini kwenye mishono, akafuata mia na ishirini, kisha kitambaa. Alipozima grenda, bomba lilikuwa kioo. Benchi zima likasimama kujitazama.

— Usiku mtaifunika, Kamusi alisema. Majirani watadhani mmesahau taa.

Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Hapo ndipo alipofika dada yake, yule anayemwogesha mama hospitalini, kuichukua reli.

— Imependeza, kaka, alisema, akaipitishia kidole. Mkono wa mama ukiwa na sabuni, itashikika?

 

Fundi alikwenda kwenye ndoo ya kunawia, akajipaka povu, akaketi chini, akaishika reli ajivute. Mkono ukateremka wote mpaka chini, naye akarudi kwenye makalio kwa kishindo. Hakuna aliyecheka. Akabaki pale, akijiambia ukweli: chuma kile hakuwa anamng'arishia mama. Alikuwa analing'arishia benchi.

— Mungu nisamehe, alisema polepole, akainuka.

— Weka arobaini! Kamusi alipaza sauti. Hiyo itang'ang'ania.

— Itamchubua mama, Fundi alisema. Ngozi yake imekuwa nyepesi.

Alifunga ile ya mia na ishirini, akaanza kulisugua bomba kimapana, mistari midogo ikilizunguka kama pete.

— Unaiharibu, mwanangu! Mstaafu alilia.

— Naiharibu, mzee.

Akajipaka povu tena, akaketi, akavuta. Mkono uliteleza kidogo. Akarudi kwenye grenda, akasugua kwa subira, akafuta vumbi, akaketi tena. Safari hii alisimama.

— Sasa wewe, alimwambia dada yake. Kiganja chako ni kama chake.

Dada akajipaka sabuni mpaka viwiko, akachuchumaa, akashika, akainuka. Kisha akachuchumaa tena, akauficha mkono wa kulia mgongoni.

— Mkono wa kulia wa mama hauna nguvu tangu aanguke, alisema.

Kwa mkono wa kushoto peke yake akajivuta, taratibu, mpaka magoti yakanyooka.

— Haya, kaka, chukua boliti. Twende tukaifunge.