Kura ya Mgeni

Benchi la Maggie lipo Busia upande wa Uganda, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka kwenda Kenya. Zamani lilikuwa ndani ya uwanja wa pikoboli. Klabu ilipokua ikazungushiwa seng'enge, na seng'enge ikapita mbele ya benchi badala ya nyuma yake, basi wanachama wa mwanzo wakajikuta wanaitazama klabu yao kupitia waya kama jamaa waliokwenda kumwona mfungwa. Na usiucheke huo mchezo. Ni kijitenisi cha uwanja mdogo, neti fupi, vibao vya mkononi na mpira wa plastiki uliojaa matundu, na uliingia Busia ndani ya robota la mitumba. Mugeni, mama yake Phiona, alilifungua akitafuta blauzi, akakuta vibao viwili na mpira, akauliza mji mzima ni vitu gani hivi mpaka akapata wa kumweleza. Akachora mistari ya chokaa kwenye maegesho ya malori. Leo wanakuja watu kutoka Tororo, kutoka Dabani, kutoka ng'ambo ya mpaka, na Mugeni hayupo. Jumapili iliyopita klabu ilichagua mwenyekiti. Owor alipata kura zote, Mugeni alipata sifuri.

— Sifuri! alifoka Oboth, anayeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake, si kwa ajili ya shule. — Banange, sifuri! Hata mtu mwenye wazimu akisimama, anajipigia mwenyewe, anapata moja!

— Punguza sauti, alisema Maggie, akimimina kahawa ya tangawizi. — Watu wanacheza pale.

— Wacha wasikie!

Wesonga alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alikishika kikombe chake kwa mikono yote miwili ingawa hakukuwa na baridi. Yeye ndiye aliyekuwa akicheza pamoja na Mugeni tangu siku za chokaa, wawili dhidi ya wawili, yeye kushoto, Mugeni kulia. Tangu Jumapili hajagusa kibao.

— Mimi nimesikia anafunga kibanda yake, Maggie akaendelea. — Kesho anarudi Lunyo kulima mihogo. Ati hawezi kukaa mji ambayo hakuna mtu hata moja anamtaka.

Lori moja likapiga honi, dereva akatukanwa kwa lugha tatu.

— Ni kalamu, alisema Profesa.

— Kalamu gani?

— Hizi za hapa mpakani. Unaandika asubuhi, mchana jua inafuta. Mimi niliandika Mugeni, herufi kubwa kabisa! Jua ikafuta, mtu akajaza Owor.

— Kura tulipiga ndani ya hema, buda, alisema Ikiring. Huyu anauza mayai upande wa Kenya na huvuka kila jioni kuja kubishana, kwa sababu huko kwao, anasema, watu wana haraka mno. — Jua ilitoka wapi?

— Jua inapita hema.

— Wacha zako! Mimi nawaambia vile ilienda. Wasee wa Tororo walikuja na beseni ingine kama ile tulikuwa tunatumbukiza kura. Beseni za buluu zote zinatoka duka moja, hakuna mtu anaweza zitofautisha. Wakabadilisha, manze, mchana peupe. Saa hii kuna mtu Tororo anafulia soksi ndani ya kura zetu.

— Beseni ilikuwa yangu! Maggie akaruka. — Ina ufa pembeni, na mimi sikuitoa macho. Unaniita mwizi, Ikiring? Kunywa hiyo kahawa uende.

— Sijasema wewe, mama. Nasema beseni. Kura yangu mimi ilikuwa ya Mugeni, hiyo nitaapa.

Alisema hivyo huku akitazama viatu vyake. Wesonga akaona.

Ochen akasogea mbele. Ochen ni wakala wa kutoa mizigo forodhani, ndiyo maana wanamwita Forodha, na kazi hiyo imemfundisha kunong'ona hata akiomba sukari.

— Nyinyi mnacheza, alisema. — Mnafikiri hii ni mambo ya beseni? Angalieni ile mistari. Nyeupe, imenyooka, tena sasa ni viwanja vitatu. Mtu akiwa angani anaona nini?

— Anaona pikoboli, alisema Maggie.

— Anaona alama! Kuna nchi inatupiga picha kutoka juu. Na nchi kama hiyo haiwezi kukubali mwenyekiti ni mama wa mitumba. Owor hakuchaguliwa hapa. Alichaguliwa huko. Sisi tuliletewa matokeo tu.

— Ee! Profesa akavua miwani. — Sasa hapo umegusa.

— Kura yangu niliandika Mugeni, Forodha akaongeza upesi, bila hata mtu kumwuliza. — Lakini kalamu yangu inafanya nini mbele ya setilaiti?

Siku nyingine Wesonga angecheka mpaka kahawa impalie. Leo hakucheka, maana mambo aliyaona kwa macho yake na hayakuwa na nchi wala beseni ndani yake. Patience, mwandishi wa klabu, ndiye aliyesoma kura, karatasi moja baada ya nyingine, kwa sauti, mbele ya watu wote. Mugeni alikaa mstari wa mbele na gauni lake la kanisani. Patience aliposoma "Owor" mara ya kwanza, Mugeni alipiga makofi. Mara ya pili akapiga tena, akageuka nyuma akitabasamu. Ilipofika ya saba au ya nane, mikono ikabaki mapajani, na lile tabasamu likawa limekaa tu usoni halijui liende wapi.

Alipiga makofi kwa sababu ya sheria yake mwenyewe. Katika klabu ile, mgeni hatolewi na sifuri. Ukiona mgeni yuko hoi na hajapata hata pointi, unaupiga mpira kwenye neti makusudi, unajifanya umekosea, naye anapata yake, anakwenda nyumbani na uso wake. Mugeni ndiye aliyewafundisha, na aliwagombeza wasiofuata. "Huyo ametoka Petta kwa baiskeli," angesema, "sasa wewe unataka arudi na nini?" Na hiyo sheria ndiyo iliyoikuza klabu, wala si viwanja. Watu walirudi, wakaja na dada zao, wakaja na majirani.

Sasa Owor alikuwa mgeni. Alihamia mwaka huu huu kutoka Tororo, mtu mpole, akaleta wachezaji na taa. Hata uenyekiti hakuutaka. Mugeni mwenyewe alimwomba asimame, ati uchaguzi wa jina moja ni aibu, amsindikize tu. Wesonga alipopewa karatasi aliona wazi kwamba Mugeni atapata kura mpaka zimwagike, na kwamba huyu mgeni wa watu atatoka na sifuri mbele ya wote. Akamhurumia. Akaandika Owor. Moja tu, alijiambia, moja haiharibu kitu.

Tangu hapo alikuwa akijua kwamba yeye peke yake ndiye msaliti wa Busia nzima. Lakini sasa alimtazama Profesa, akamtazama Ikiring na viatu vyake, akamtazama Forodha aliyeapa bila kuulizwa, na akaanza kuhesabu: huenda hakuwa peke yake.

— Mimi nasema ni uchawi, alisema Profesa. — Karatasi inaona Mugeni, mdomo wa Patience unasoma Owor.

— Na aliyemfanyia ni nani?

— Mchawi anajulikana? Angejulikana angekuwa mchawi?

— Hodi hapa, ilisema sauti.

Alikuwa msichana mwenye gunia tupu mkononi. Wote walimjua isipokuwa Ikiring, naye Maggie akamnong'oneza: ni Phiona, binti ya Mugeni, anasoma Tororo, hajafika klabuni tangu iwe kubwa.

— Karibu, mwanangu. Kaa, upate kahawa.

— Asante, mama, sikai. Nimefuata vibao vya mama, vile viwili vya mwanzo. Kesho tunasafiri.

Maggie akainama chini ya meza kuvitafuta. Phiona akasimama akisubiri.

— Nimewasikia nikiwa pale kwenye malori, alisema. — Mnasema kura za mama ziliibiwa.

— Ziliibiwa, mwanangu! Profesa akainuka nusu. — Mchana, watu wanaona!

— Ya kwake mwenyewe haikuibiwa. Aliandika Owor.

— Nini?

— Mama alimpa Owor. Alisema ni mgeni, asitoke bure.

Ng'ambo ya seng'enge mpira ulikuwa ukipiga kibao, ukipiga kibao, na mtu akashangilia.

— Lakini kama ziliibiwa itakuwa vizuri, Phiona akasema, na uso wake ukafunguka kidogo. — Mama hahitaji uenyekiti, wazee wangu. Halali, hali, anauliza kitu kimoja tu. Nani kati yenu alimwandika yeye? Nipeni jina moja nimpelekee. Hata moja linatosha, labda hatuendi.

Profesa akafuta miwani yake kwa shati. Forodha akaangalia malori. Ikiring akarudi kutazama viatu vyake. Maggie alikuwa bado ameinama chini ya meza, na vibao alikuwa navyo mkononi muda wote huo.

Wesonga alijua kwamba jina lake lingetosha. Mugeni angeliamini kuliko yote. Alijua pia kwamba lingekuwa uongo, na kwamba ukweli, kama angekwenda mtu kuusema mapema, Jumapili ileile, usingekuwa mbaya kiasi hiki. Akakiinamia kikombe chake.

Phiona aliwatazama mmoja mmoja, polepole, mpaka akafika mwisho wa benchi. Akavipokea vibao kwa Maggie, akavitia ndani ya gunia.

— Basi nitamwambia sikuwakuta, alisema.