Macho Yale Yalikuwa ya Moshi

Ndugu zangu wa Dutwa, Bwana apewe sifa zake kwanza, kisha mnivumilie, maana nimesimama hapa na hasira. Siku ile jirani yangu Masunga aliponiambia twende kwa mganga, ilinipasa kukataa. Mimi, mzee wa kanisa, niliyesoma hadi kidato cha nne, nilimjibu, "Twende."

Ndama wangu walikuwa wanakufa. Niliomba, nikafunga, wakafa wengine watatu. Masunga alikuwa akipita zizini ananichokoza: "Mzee wa kanisa, huyo Mungu wako naye anakula ndama?" Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa najiuliza swali hilohilo. Sikumwambia mtu. Nilidhani muumini mwenye shaka si muumini, nikaificha shaka yangu, nikaipeleka kwa mganga badala ya kuipeleka kwa Mungu.

Mganga hakuhangaika sana. Aliuliza, "Nyumbani kwako nani ana macho mekundu? Huyo ndiye mchawi wako."

Ndugu zangu, mnamkumbuka dada yangu Kabula. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipofariki, na nilipofiwa na mke wangu akaja kunipikia. Miti kwetu imekwisha, kwa hiyo alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kila siku, katika jiko lisilo na dirisha, na moshi huo ndio uliomtia wekundu machoni. Nilijua hilo. Nililijua nikiwa nimekaa mbele ya mganga! Na bado nilirudi nikamwambia, "Dada, mganga amekutaja. Funga mizigo yako."

Akaniuliza, "Na wewe uliyekula mkononi mwangu, unaamini?"

Nikasema, "Watu wanasema."

Jibu la mwoga. Akaenda kwa mjukuu wake, kule kijijini Mwandoya. Jumapili iliyofuata nilisoma matangazo hapa mbele, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza Kabula yuko wapi. Nilifurahi mliponyamaza. Leo kimya hicho kinanichefua, chenu na changu.

Nikaanza kujipikia kwenye jiko lilelile. Ndama wakaendelea kufa. Mwishowe nikamwita bwana mifugo. Aligeuza sikio la ndama mmoja, akanionyesha kupe walivyojaa. "Mzee, hii ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Mara ya mwisho umeogesha ng'ombe lini?" Tangu josho la kuogeshea ng'ombe dawa liharibike sikuwa nimejisumbua.

Wiki hiyohiyo nikaenda kunyoa. Kinyozi akanipa kioo, akatania: "Babu, macho mekundu hivi, usije ukaniroga." Watu wakacheka. Mimi nilitazama kwenye kioo nikaona macho ya dada yangu usoni pangu.

Nilirudi nikapiga magoti kando ya jiko. Sikuomba maombi mazuri. Nilisema, "Bwana, nawaogopa wachawi kuliko ninavyokuamini wewe. Nisaidie." Kufunguliwa kwangu kulianzia hapo, wala si siku ya ubatizo. Hofu haikutoka siku moja, imetoka kidogo kidogo. Namshukuru Mungu, alinipokea na mashaka yangu yote. Leo ng'ombe akiugua naomba, namwita bwana mifugo, na sitafuti mtu wa kumlaumu.

Nilikwenda Mwandoya. Kabula alinipa kiti, akanipa maji. Nikamwambia nimejua kwamba yeye si mchawi.

"Mdogo wangu," akasema, "hilo mimi nilikuwa nalijua. Umesafiri kuniletea habari zangu mwenyewe?"

Nikamwomba arudi. Akatikisa kichwa. "Kule nitasalimiana na nani?"

Nayasema haya kwa sababu nimewasikia hapo nje mkinong'ona kuhusu mama mjane anayekaa benchi la nyuma. Nimeona mnavyosogea kando akikaa. Acheni. Kama una shaka na Mungu, mwambie yeye mwenyewe, hatakufukuza. Usimtwishe mama wa watu shaka yako. Jumapili ijayo nitakaa naye benchi moja, na anayemtumaini Kristo aje tubanane.

Mimi nilichelewa. Dada yangu alifariki Mwandoya baada ya mavuno. Habari zilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa, kwa sababu mwenyewe alisema nisiitwe.