Barua za Ng'ambo Zimerudi

Sogeeni karibu, wapendwa, nanyi mliosimama mlangoni ingieni ndani, maana neno hili linatuhusu sote tuliojaliwa ulimi mwepesi na miguu mizito. Palikuwa na kijiwe katika kata ya Ramadhani, mjini Njombe: mabenchi mawili ya mbao za mlingoti, jiko la mkaa la Haruni muuza kahawa katikati, na ukungu wa Juni juu ya vichwa vyao kama blanketi bichi. Ijumaa ile Mzee Anania alikuwa ameketi hapo tangu mchana, na moyo wake ulikuwa mchungu kuliko kahawa. Mwanawe Jofrey, mpishi wa meli, alikuwa mwaka wa nne katika gereza la nchi ya mbali, ambako mfungwa hapewi simu, hupewa karatasi tu. Septemba iliyopita barua za ng'ambo zilisimama. Februari mkewe Yunis, mama yake Jofrey, akalala usingizi wa mauti. Pasaka redio ikatangaza kwamba barua zinapita tena, na Anania akaandika barua ya msiba, mpwa wake akaituma kwa posta ya Makambako. Miezi miwili ilikuwa imepita, na jibu halikuonekana. Kesho yake ukoo ungekaa kugawa mashamba. Anania alikuwa amekusudia kulifuta jina la Jofrey, na shamba lake la parachichi kumpa huyo mpwa.

— Mtoto asiyemlilia mama yake si mtoto, — alisema Anania. — Kesho namfuta.

— Usimwonee dogo, Mzee, — alidakia Benno, fundi viatu waliyemwita Waziri kwa kuwa hapakuwa na jambo asilolitolea tamko. — Hii ni vita ya ushuru. Wakubwa wa dunia wamepandishiana ushuru, ndege zikagoma kubeba bahasha.

— Hayo yaliisha Pasaka, Waziri. Redio imesema zimerudi.

— Zimerudi kwa foleni! Wanaanza na za zamani. Saa hizi wanagawa za mwaka tisini na nne. Haraka haraka haina baraka. Zamu ya dogo itafika.

— Itafika wakati mimi niko kaburini?

— Si ndiyo subira yenyewe hiyo, Mzee?

Rabson, fundi simu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Satelaiti, alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua zaidi.

— Waziri, acha kumjaza Mzee porojo. Barua zinafika nchini vizuri tu. Ila kuna mashine inazisoma kwanza, inazipiga mwanga. Sasa ikikutana na lugha yetu ya Kibena, inakwama. Inaona "kamwene", inadhani ni bomu.

— Jofrey huandika Kiswahili, — alisema Anania.

— Salamu je? Salamu anaweka Kibena, ubishe! Hapo ndipo anaponasa.

— Nyie wote mmepotea, — alisema Haruni, akipuliza makaa. — Kosa ni parachichi.

— Parachichi tena?

— Ndege ina kilo zake, kaka. Tangu tuanze kupeleka parachichi Ulaya, barua zinakosa siti. Tumejiroga wenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia. Parachichi zinakaa chini ya ndege.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Benno hakukubali kushindwa.

— Sikilizeni sasa niwape siri. Ni makaa ya mawe ya Mchuchuma! Wageni wanayatamani miaka yote. Wameshika barua zetu rehani mpaka tuwaachie mlima. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake adui yuko ng'ambo, tena mbali sana.

Anania peke yake hakucheka. Rafiki zake Ayubu wa Maandiko, pamoja na makosa yao yote, waliketi naye siku saba kimya kabla hawajafumbua vinywa. Hawa hawakunyamaza hata dakika saba. Lakini tusimfiche hata yeye mfiwa. Kila nadharia ilimpoza kidogo, kwa kuwa kila nadharia ilimtoa Jofrey hatiani. Kisha upesi hasira ikarudi, naye akaipokea kama mgeni aliyezoeleka. Kumkasirikia mwana kulimchosha kidogo kuliko kumngoja.

Ndipo akaja Jackline, mama wa biashara kutoka Makambako, anayenunua viazi Njombe, akisubiri magunia yake yapakiwe.

— Kamwene, baba zangu. Kaka, nipe kahawa na kashata moja.

Alikunywa akisikiliza nadharia za makaa ya mawe, mashine na ndege. Alipomaliza kikombe akauliza kwa adabu:

— Samahani, baba. Barua zenu zinaingia sanduku gani?

— La kijiwe, — alijibu Benno kwa fahari. — Tumelikodi sisi wanne, mwaka wa tisa huu. Ufunguo una zamu, mwezi kwa mwezi. Hapa kuna utaratibu, dada yangu.

— Sasa tangu Pasaka, nani amelifungua?

Haruni aliacha kupuliza makaa.

— Aprili ilikuwa Satelaiti, — alisema Benno.

— Mimi? — Rabson alishusha sauti. — Zamu yangu sijawahi kwenda mwenyewe. Nilikuwa nampa mama Jofrey. Si alipita pale kila Alhamisi na mboga zake?

— Hata mimi nilimpa yeye, — alisema Haruni.

Wote wakamtazama Benno. Waziri akaitikia kwa kichwa tu: hata yeye.

Naye Anania alijua jibu lake kabla ya kuulizwa. Alimpa Yunis, kama wengine. Miaka yote hiyo Yunis alilifungua sanduku la wanaume wanne akiwa na kikapu kichwani, akawaletea barua zao hapa hapa benchini, nao wakapokea bila kuuliza miguu gani imezileta. Mazishini walimsifu kwa sala zake na kwa chakula chake. Hakuna aliyesema, "Nani sasa ataenda posta?" Na ufunguo aliufunga katika pindo la kitenge chake cha bluu. Siku ya kuanua tanga Anania mwenyewe alikikabidhi kitenge kile kwa shemeji yake Teodora, naye akaondoka nacho kwenda Lugarawa.

— Posta wanafunga saa ngapi? — aliuliza Anania.

— Kumi na nusu. Sasa hivi kumi imeshapita, — alisema Haruni.

Mzee akasimama, magoti yakilia.

— Kaa kwanza, Mzee, — alisema Benno. — Ufunguo wenyewe huna.

— Mdomo ninao. Nitawaomba wanifungulie. Wakikataa leo, kesho ukoo utaningoja.

Akashuka barabarani ndani ya ukungu, akijishika kwenye kuta za maduka. Hakuna aliyemfuata. Nyuma yake walikuwa wameanza kubishana kama Mei ilikuwa zamu ya Haruni au ya Waziri.

Wapendwa, baba yule wa mfano wa mwana mpotevu alimwona mwanawe angali mbali kwa sababu alikuwa akiitazama njia. Sisi tunaikalia njia, kisha tunamlaani asiyefika. Barua zimerudi, ni sisi ambao hatujarudi. Wewe uliyekwisha kumhukumu mtu kwa ukimya wake, ulikwenda lini kuangalia kama alisema? Na ni nani aliyekuwa akienda kwa niaba yako, ambaye hukumshukuru hata siku moja hadi ukamfukia? Usingoje zamu. Kabla hujalifuta jina la mtu, inuka leo, uende kwa miguu yako mwenyewe, ukafungue.