Miti Isiyo na Majani ya Chikago

Benchi letu lipo hapa Korogwe, upande yanakosimama mabasi ya Handeni. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na anayetaka kuinuka huwaaga wenzake kwanza, la sivyo wa mwisho ataanguka. Mzee Sadala anauza kahawa, mimi nauza vitumbua kando yake, mwanangu Hiza akiwa mgongoni. Wakaaji wa kila siku ni wawili. Fransisko tunamwita Tikiti, kwa sababu alikata tikiti za reli miaka kumi na tisa. Athumani tunamwita Redio. Anayo redio ndogo, lakini hata betri zikiisha yeye haachi kutangaza. Asubuhi moja ya Januari, ikikaribia miaka miwili tangu Azimio la Arusha, Mama Yuditha alikuja na kadi ya picha mkononi, na Tikiti akafuta kahawa iliyomwagika kwenye ubao kwa kofia yake mwenyewe ili mama akae pakavu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Mtoto amelala?

— Amelala.

— Basi nisomee tena. Jana kondakta alinisomea, lakini alikuwa na haraka.

Binti yake Yuditha na mkwewe Simeo ni walimu wote wawili. Mwezi wa saba walipelekwa Denmaki kusoma namna ya kufundisha watu wazima. Shule za kule zilipofungwa wakati wa baridi, wenyeji wao wa kanisa waliwachukua kutembelea miji. Zilikwisha kuja kadi tatu: ya Hamburugi, ya Parisi na ya Nyuyoki. Hii ilikuwa ya nne.

Nikasoma: "Mama, hapa ni Chikago. Majengo ni marefu mpaka shingo inauma. Ziwa limeganda. Keshokutwa tunaondoka. Yuditha."

Tikiti alisubiri kama mtu anayesubiri behewa la mwisho lipite.

— Endelea.

— Imekwisha, baba.

— Hatujambo iko wapi?

— Haipo.

— Mtu aandike barua asiseme kama ni mzima? Mwalimu huyo? Aliyewafundisha watoto wetu kuanza na salamu, afya, kisha hofu ni kwenu?

— Hata zile tatu hazikuwa nayo, alisema Mama Yuditha polepole. Nilinyamaza tu.

Redio aliizima redio yake. Hilo hufanya mara chache sana.

— Nipe hiyo picha. Mnaona nini hapa?

— Barabara, nikasema. Na miti.

— Miti ina nini?

— Haina majani.

— Mama, zile nyingine unazo?

Alikuwa nazo, amezifunga katika leso. Redio akazipanga kwenye ubao, na Mzee Sadala akalisogeza dele lake la kahawa mbali zisije zikachafuka.

— Hamburugi, miti haina jani hata moja. Parisi, hivyo hivyo. Nyuyoki, bustani nzima imesimama vijiti. Sasa Chikago. Ndugu zangu, sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa. Mwaka ule wa njaa Handeni ilikuwaje?

— Hivi hivi, alisema Mzee Sadala, kisha akaonekana kujuta.

— Huo ni ukame.

— Mimi darasani tulisoma, nikasema, kwamba miti ya Ulaya hupukutisha majani kwa ajili ya baridi.

— Baridi, eti. Mama Yuditha, kwenu Lushoto kuna baridi au hakuna?

— Ipo. Mwezi wa saba tunaota moto mchana.

— Miti ya Lushoto umewahi kuiona iko uchi?

— Sijawahi.

Redio akanitazama kwa huruma, si kwa kejeli. Ndivyo alivyo, hata akikushinda hupenda ubaki na heshima yako. Nilimaliza darasa la saba, na Lushoto sijafika.

— Na huu weupe chini? aliuliza Tikiti.

— Hiyo ni theluji, nikasema. Kadi ya kwanza ilieleza.

— Kadi ya kwanza ilikuwa ya Hamburugi. Huku ni Chikago. Wewe unajuaje kwamba si chumvi? Ziwa likikauka huacha chumvi.

— Ameandika limeganda.

— Tope nalo huganda. Pale Mto Pangani unapopungua, tope haligandi?

— Sasa angalieni mwendo wao, alisema Redio. Hamburugi siku mbili. Parisi siku tatu. Nyuyoki siku nne. Hapa keshokutwa wanaondoka. Mtu aliyeshiba anahamahama hivyo?

— Mimi nimekata tikiti, Tikiti akasema. Mtu wa likizo hukata kwenda na kurudi. Hawa kila kadi ni kwenda tu.

— Wanatafuta chakula. Kama watu wetu walivyoteremka Ngombezi kuomba vibarua vya mkonge, mji baada ya mji, mpaka watakapofika penye jani la kijani.

— Lakini Marekani ndiyo iliyotuletea ule unga wa njano, alisema Mzee Sadala.

— Ndiyo, na ukigawa unga wako wote kwa jirani, wewe unabaki na nini? Wametoa mpaka wakamaliza. Watu hawaonekani barabarani. Wako wapi? Wamekwenda kutafuta mizizi.

— Au wamehamishiwa vijijini, alisema Tikiti. Nao huenda wameanza ujamaa. Wakaacha majengo marefu matupu.

— Bila watu wa kupanda ngazi.

— Bila mtu wa kumwuliza njia.

Hapo walikuwa wamekwisha kusahau kwamba mama amekaa katikati yao. Mimi nilimwona akizikusanya kadi moja moja na kuzifunga. Kisha akatoa karatasi ya barua ya ndege, ile ya buluu inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha.

— Mwanangu, wewe una mwandiko mzuri. Niandikie warudi.

Mzee Sadala akaacha kumimina kahawa.

— Warudi lini, mama?

— Ukimaliza kuandika. Nina Yuditha peke yake. Kama ni kufa njaa, na afe karibu nami, nimchimbulie japo muhogo.

— Masomo yao yamebaki mwaka mzima, alisema Mzee Sadala taratibu. Wakitoka, nafasi atapewa mwingine.

— Andika warudi.

Nilishika kalamu, lakini haikushuka. Yuditha namjua, alinifundisha darasa la nne. Ni mtu ambaye mama yake akikohoa yeye hufunga daftari. Akiambiwa rudi, hatauliza sababu. Atamshika Simeo mkono, na huo ndio utakuwa mwisho wa safari yao. Nikamwangalia Redio, naye akaangalia viatu vyake. Nadhani alianza kuona maneno yake yamekwenda wapi.

Mwishoni mwa ubao palikuwa na mgeni. Alikuwa ameshuka kutoka Kwedizinga na tenga la kuku, akasalimia watu wote, akapewa kahawa, akakaa bila kuongeza neno. Sasa akanyoosha kikombe kwa Mzee Sadala.

— Nisameheni, ndugu zangu. Nimewasikiliza. Hawa watoto waliondoka mwezi wa saba?

— Ndiyo.

— Mwezi wa saba mwaka jana huku kwetu mahindi yalikuwa yamenyauka. Sisi Kwedizinga tulivuna magunzi.

— Hata hapa, alisema Mama Yuditha. Waliniacha na debe moja la mahindi. Yuditha alilia kwa ajili ya debe hilo.

— Basi nauliza tu. Nani aliwaandikia kwamba mvua ilinyesha?

Tikiti alifungua mdomo.

— Mwalimu Habakuki ndiye anayemwandikia mama.

— Habakuki alihamia Handeni mwezi wa tisa, alisema Mzee Sadala. Kwenye kile kijiji kipya. Mimi nilijua Redio ameandika.

— Mimi? Nilijua mzee wa kanisa.

Nami nilijua Tikiti, lakini sikusema. Mama Yuditha alitutazama mmoja mmoja, bila hasira. Yeye alikuwa akituma salamu zake kwa kila mmoja wetu anayepita, waambieni sijambo, naye kila mmoja wetu alikuwa akiitikia, ndiyo mama.

Basi la Tanga likapiga honi. Mgeni akalipia kahawa yake, akainua tenga, akaaga ubao mzima kabla hajainuka, kana kwamba alizaliwa hapa.

Basi likazunguka kona. Mzee Sadala akaligeuza dele. Lilitoa matone mawili.

— Kahawa imekwisha, alisema. Lakini kaeni.

— Mama, nikasema, nianze vipi?

Redio akamfungua Hiza mgongoni mwangu, akampakata, ili niweze kuinama vizuri.

— Sema mvua ilinyesha mwezi wa kumi na moja, wiki mbili mfululizo, alisema Mama Yuditha. Sema muhogo umeshika.

Nikaandika.

— Sema paa halivuji tena. Fransisko alilipanda.

— Usitaje mambo ya paa, alisema Tikiti.

— Taja. Sema magoti yangu ni yale yale. Sema mwaka huu nina mahindi mabichi, nayachoma mwenyewe.

— Sema Sadala anawasalimu, alisema Mzee Sadala. Yule wa kahawa. Kifua kimepona.

— Sema na Athumani, alisema Redio, akimpepea mtoto kwa kofia ya Tikiti. Mke wangu amejifungua mapacha, nao wanakua. Hilo Simeo hajui. Sema majina yao.

Nikaandika majina ya mapacha. Nikaandika kwamba daraja limetengenezwa, kwamba darasa la jioni la watu wazima limepata taa, kwamba mimi nina mtoto wa miezi mitano anayeitwa Hiza. Nilibana herufi, nikapanda pembeni mwa karatasi, nikateremka upande wa pili. Karatasi hizo ni ndogo kuliko zinavyoonekana.

— Mama, nikasema, lile neno la kurudi niliweke wapi?

Aliinamia karatasi, ingawa hajui kusoma, akaipima kwa kidole kutoka juu hadi chini.

— Imebaki nafasi gani?

— Ya jina lako tu.

— Basi andika jina langu.