Sidhani, Aliyeishuku Hewa Safi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi tulimwita Sidhani, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Mama alisimulia kwamba hata akiwa mchanga alimkazia macho kwanza, ndipo akakubali kunyonya.

Alisoma karibu na nyumbani, kisha chuo cha afya ya mazingira, akahitimu mwaka 1980. Akiwa sekondari alitolewa darasani kwa kudai kipimajoto cha shule kinadanganya. Kipimajoto kilikuwa kizima. Yeye ndiye aliyekuwa na homa.

Mwaka 1982 aliajiriwa idara ya afya, kutunza mashine za kupima hewa zilizowekwa juu ya mapaa. Mashine ilivuta hewa kupitia karatasi nyeupe. Mashine mojawapo ilikuwa juu ya shule ya msingi ya mtaani; karatasi yake ikitoka nyeusi, bendera nyekundu ilipandishwa na watoto wakabaki ndani. Mwaka 1984 alimuoa shemeji yetu, mhudumu wa usafi wa shule hiyo. Alipoulizwa kama ameridhia, alijibu, "Sidhani kama nimekuja hapa kutembea."

Mwaka 1993 karatasi za shule zilianza kutoka nyeupe. Bendera ya kijani ikapepea, watoto wakacheza nje, ofisini wakapongezana. Lakini binti yake mwenye pumu, aliyesoma hapohapo, alizidi kubanwa kifua. Roho ya Sidhani haikutulia. Alimshuku meneja wa kiwanda cha kuyeyusha betri ng'ambo ya barabara, akakataa hata soda yake. Alimshuku mwalimu mkuu. Alimshuku bosi wake, maana alikuwa akitabasamu kupita kiasi. Jioni aliwataja mmoja mmoja mezani, na shemeji akawalaani pamoja naye.

Asubuhi moja alijibanza nyuma ya tangi la maji, juu ya paa. Aliyepanda ngazi alikuwa mkewe, na kitambaa safi mkononi. Akaufunika mdomo wa mashine, akakaza kamba.

"Mama watoto, unafanya nini?"

"Naikinga," alisema bila wasiwasi. "Si wewe uliyesema mashine hii haitaki vumbi? Siku zako za kuja naifunua, uikute safi."

Alikuwa amesema hivyo kweli, akimaanisha sanduku la mota. Sidhani alicheka hadi akaketi chini, kisha akalia, maana binti yake alikuwa uwanjani anakimbia. Alishuka mwenyewe kupandisha bendera nyekundu. Vipimo vilivyofuata vilikilazimisha kiwanda kuweka machujio kwenye mabomba ya moshi, na kifua cha mtoto kikapata nafuu. Soda ya meneja hakuinywa hata hivyo.

Alistaafu mwaka 2017. Mapafu yake yalianza kuchoka mwaka jana, akalazwa tarehe 3 Machi mwaka huu. Tarehe 11 asubuhi, binti yuleyule, ambaye sasa ni muuguzi, alisoma kipimo cha oksijeni kidoleni mwa baba yake, akajikaza.

"Baba, leo hewa imekaa vizuri."

Alimtazama usoni, akaushika mkono wake. "Sidhani, mwanangu," alisema. Alifariki alasiri hiyo.

Ameacha mjane, ambaye hadi leo hafuniki hata sufuria bila kuuliza, binti, mwana, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wawili.

Apumzike, avute pumzi kwa amani. Tunaambiwa hewa ya huko aliko ni safi. Jibu lake tunalijua.