Fungua Mkono: Wasifu wa Mama wa Getini

Ndugu, jamaa na majirani, haya mnayosomewa yameandikwa na mume wa marehemu. Mume huyo hakupelekwa shule. Marehemu ndiye aliyemfundisha kuandika, wakiwa tayari na watoto wawili, kwa hiyo makosa yaliyomo ni ya mwanafunzi, si ya mwalimu.

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Mama wa Getini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 chini ya mlima wa hifadhi, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe. Alikuwa mtoto asiyedanganyika. Mama yake alisimulia kwamba ukimpa kipande cha mkate, alikigeuza kwanza aone kama kimeungua chini.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na kiwanda cha mbao, akamaliza mwaka 1965. Siku moja alirudishwa nyumbani kwa kumuuliza mwalimu wa hesabu jibu amelitoa wapi.

Mwaka 1972 aliajiriwa hifadhini kufagia ofisi ya getini. Wageni wa kike walikuwa wakilalamika kukaguliwa na wanaume, akapewa yeye kazi hiyo, baadaye akawa anakagua kila mtu, hadi alipostaafu mwaka 2011. Sheria ilikuwa moja: kilicho juu mlimani kinabaki juu. Hakuanza na mabegi. Alimtazama mtu, akasema, "Fungua mkono nione." Alitoa mbegu, mawe, manyoya ya ndege, na mara moja kinyonga mzima ndani ya kofia ya bibi mmoja wa heshima zake. Alisema wenyeji hawachumi kitu, maana kesho watapita tena. Anayeficha ua ni yule anayejua harudi.

Mumewe alikuwa utingo wa lori lililopeleka viazi kwenye nyumba ya wageni ndani ya hifadhi. Walionana hapo getini, lori likitoka.

"Kaka, fungua mkono."

"Dada, mimi nimeleta viazi. Mkononi kuna nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Akafungua. Hakukuwa na kitu.

"Mbona unatoka jasho na baridi yote hii?"

"Ni wewe."

"Hiyo nayo tutaichunguza," akasema.

Aliichunguza miaka miwili. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu. Nyumbani pia palikuwa geti. Mtoto akitoka jikoni, alifungua mkono. Kifungua mimba alipozoea kufungua mkono, akaamriwa afungue na mdomo, maana sukari ilishahamia huko. Mume naye hakusalimika. Shati lake halikuingia kwenye beseni kabla mifuko yote haijageuzwa nje. Akiuliza kwa nini, alijibiwa, "Wewe ni mtu wa barabarani."

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alianza kukonda. Alipelekwa hospitali, akarudi na dawa, akasema anaendelea vizuri. Mumewe hakuridhika. Watoto waliozoea kuja sikukuu wakaanza kuja kila wiki. Daktari alimwambia mume, "Mzee, utusubiri nje kidogo," kisha akaongea na binti mlango umefungwa. Wifi wa marehemu, ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja, alikuja akamsuka nywele. Hapo mume akajua kuna jambo.

"Mama watoto, wamekuambia nini?"

"Naendelea vizuri."

"Fungua mkono nione."

Akafungua yote miwili, akacheka. "Umeona kitu?"

Mwezi wa pili mwaka huu akataka kupelekwa hifadhini kama mgeni. Miaka yote ile hakuwahi kufika juu. Alizoea kusema mlima hauondoki, ataenda tu. Mumewe alimwuliza kwa nini sasa. Akasema, "Kwani kuna ubaya?" Binti aliyekuwa anaendesha gari aliongeza sauti ya redio.

Walipita msitu, wakapita mianzi, wakatokea kwenye uwanda wa nyasi, na ukungu unapita chini yao. Kuna maua meupe huko, magumu kama karatasi, ambayo hata yakikauka hayapukutiki. Marehemu alishuka, akatembea taratibu, akainama kufunga kamba ya kiatu, akakaa hivyo kwa muda. Aliposimama alisema vidole vimeganda, akautia mkono ndani ya mfuko wa koti la mumewe. Hilo nalo mume alilishangaa. Marehemu hakuwa mtu wa kushikana mbele za watu.

Getini walimkuta mkaguzi aliyefundishwa kazi na marehemu mwenyewe.

"Mama, nikukague au nikuache?"

"Nikague. Ukianza kuchagua watu, kazi imekwisha."

Akafungua mikono. Mitupu. Mumewe akaachwa apite kwa sababu ya uzee.

"Huyo ungemkagua vizuri," marehemu akasema. "Mimi namjua."

Wote wakacheka.

Marehemu alipokuwa hawezi tena kuinuka, mumewe alifua koti lile mwenyewe. Akageuza mifuko nje, kama alivyoona ikifanywa. Ndani mlikuwa na ua jeupe. Alikaa kando ya beseni mpaka maji yakapoa. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena kama anaendelea vizuri. Alikaa naye tu.

Alifariki Jumatano iliyopita alfajiri, nyumbani, akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wifi aliyemsuka hadi mwisho. Tunawashukuru wauguzi, majirani, na wenzake wa getini mliofunga safari kuja kumsindikiza.

Nyinyi wa getini, mume wa marehemu ana ombi moja kwenu. Mtakapopita kumuaga mtaona mkono wake wa kulia umefungwa. Tafadhali, msimkague.

Mama watoto, pita. Upumzike kwa amani.